Amplifaya Isiyo na Kombo: Hermani Margwe Anapumzika

Bwana Hermani Margwe alianza kazi katika Kituo chetu cha Elimu ya Mkulima, Mbulu, tarehe 1 Julai 1976, na anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2008. Ni miaka thelathini na miwili kamili, bila onyo hata moja kwenye faili lake, na amepandishwa cheo mara mbili tu. Hilo la pili linawasema waliokuwa wakipandisha vyeo kuliko linavyomsema yeye.

Kamati ya kumuaga ilinipa kazi ya kuandika wasifu huu ikanisisitizia nitumie maneno mazuri. Nimesoma wasifu wa wastaafu wote waliotangulia. Wote walikuwa wachapakazi, wacheshi, wenye ushirikiano na waliochukia uvivu. Ukiziamini karatasi hizo utajiuliza ni nani basi aliyekuwa akilala juu ya magunia ya mbegu saa nane mchana. Mimi, Ignasi Sulle, ni Ofisa Ugavi wa Kituo hiki tangu mwaka 1989 na funguo za stoo ninazo mimi, kwa hiyo namjua kwa jina. Nitaandika ninayoyajua, na mengi kati ya hayo hayatupambi sisi tunaobaki.

Margwe aliajiriwa kama Bwana Shamba Msaidizi. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wakulima wa Mbulu na Hanang kuchimba makingamaji, kuchagua mbegu na kutunza samadi. Wakati huo Kituo kilikuwa na bendi, Ngano Jazz, yenye jukumu moja la kuvuta watu. Gari linafika kijijini, vyombo vinafungwa, muziki unapigwa nusu saa, watu wanatoka mashambani, halafu Bwana Shamba anasimama kuzungumza habari za udongo kabla hawajatawanyika. Mtindo huu ulibuniwa na mtu mwenye akili, na labda ndiyo maana hakukaa sana hapa.

Mwaka 1979 mpiga besi wa Ngano Jazz alimfuata mke wake Singida, na gitaa la besi likakaa limeegemezwa ukutani miezi mitano. Si kwamba Kituo kilikosa wapiga gitaa. Kilikuwa nao kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walikuwa wapiga solo. Huku kwetu kila mwenye vidole ni mpiga solo. Anataka asimame mbele, afumbe macho, akunje uso kama mtu anayeng'olewa jino, na wasichana wamwone. Besi haimpi mtu hayo. Margwe, ambaye alikuwa hajawahi kushika gitaa la aina yoyote, alilichukua pale ukutani akauliza lina nyuzi ngapi. Akaambiwa nne. Akasema nne anaziweza.

Aliziweza, na zaidi ya kuziweza alizielewa. Siku moja alikuwa ng'ambo ya korongo akikagua shamba la maharage huku wenzake wakijaribu vyombo upande wa pili, na alisikia jambo ambalo wale kumi na mmoja hawakuwahi kulisikia, kwa kuwa walikuwa wakijisikiliza wenyewe. Solo ilikuwa haivuki korongo. Upepo wa huku unaichukua na kuitupa. Kilichovuka, kikafika hadi kwenye jembe la mkulima, kilikuwa ni besi. Tangu siku hiyo alishikilia kwamba besi ndiyo kengele ya Kituo, na kama haisikiki, basi yeye Bwana Shamba atazungumza na mbuzi. Wapiga solo walimcheka, ingawa siku besi ilipokosekana waliwapigia watoto wa shule na mbuzi, kama alivyosema.

Kwa miaka kumi na minne alitumia boksi la mbao aliloliacha mmisionari mmoja aliyerudi kwao. Amplifaya na spika vilikuwa humo humo, ndani ya boksi moja lenye mshikio mmoja wa ngozi juu. Alilibeba kwa mkono wa kushoto, gitaa mgongoni, na mkono wa kulia ukabaki wa kuwaamkia wazee njiani. Kisha mwaka 1993 panya walikula koni, ile karatasi inayotetema ndani ya spika. Waliila ndani ya stoo yangu. Mwaka huo mtego wangu ulinasa panya mmoja, tena mgonjwa.

Biashara ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Maduka ya Arusha, ambayo zamani uliyapangia foleni ya sabuni, sasa yalijaa vyombo vya muziki vyenye majina yasiyotamkika, na kamati yetu ya manunuzi ikapanda basi kwenda kununua amplifaya. Mwenyekiti alikuwa Mama Kornelia, mwanamke mwenye uwezo mkubwa wa kuamua haraka. Margwe hakuchukuliwa. Kanuni zetu zinasema mtumiaji wa kifaa asihusike katika kukinunua, kuepuka upendeleo. Kwa kanuni hiyo hiyo kamati ingeweza kumnunulia mtu viatu bila kumuuliza miguu yake, na nakumbuka mwaka 1996 tuliwanunulia walinzi wote mabuti ya namba ile ile moja.

Kamati ilirudi na kiboksi chenye taa zinazocheza na maandishi makubwa ya wati elfu mbili. Wati hizo zilikuwa kwenye karatasi tu. Ndani yake kulikuwa na amplifaya ya gitaa la solo, yenye spika nyembamba isiyofaa kwa nyuzi nene, na mtu yeyote aliyewahi kupiga besi angeliona hilo kabla ya kuvuka kizingiti cha duka. Iliimba nyimbo mbili na nusu pale Nangwa, kisha koni ikapasuka na ikawa inatoa sauti ya gunia linalochanwa. Tuliirudisha, na muuza duka akatueleza kwa upole kwamba kiboksi chake ni kizima, ila gitaa letu ndilo lina nyuzi mbaya. Kamati ilimwamini. Margwe hakubishana. Alilitoa lile boksi la mmisionari, akaiziba koni kwa kipande cha kanga na gundi ya seremala, akalitumia hivyo hivyo miaka tisa mingine.

Mwaka 2002 tukaondolewa Arusha na kuwa Mkoa wa Manyara. Kituo kikapata barua zenye vichwa vipya, mihuri mipya, na ahadi ya vifaa vipya kwa kila idara. Mapema mwaka uliofuata Margwe alijaza fomu ya maombi. Aliijaza vizuri, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni: "Amplifaya ya kombo, kwa ajili ya besi, ya kubebeka. Moja." Kombo ndilo jina ambalo wanamuziki na wauza vyombo wanaliita boksi lenye amplifaya na spika ndani yake kwa pamoja. Alikuwa anaomba kile kile alichokuwa nacho, ila kipya.

Fomu ikafika kwangu, na hapa sina wa kumsingizia. Mimi ni mtu wa Kiswahili. Nilikipata vizuri sana kidato cha nne, na kwa miaka mingi hakuna barua iliyotoka hapa bila kupita kwenye kalamu yangu nyekundu. Kwangu mimi kombo ni kasoro. Mambo yakiharibika yamekwenda kombo, na suruali iliyoshonwa na fundi mlevi ina kombo. Niliposoma kwamba Bwana Shamba anaomba amplifaya ya kombo nilicheka peke yangu ofisini, nikamhurumia, nikaandika pembeni: "Taasisi hainunui kifaa chenye kombo." Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu mwema, sikuirudisha fomu. Niliisahihisha. Fomu iliyokwenda kwa muuzaji ilisomeka: "Amplifaya isiyo na kombo, kwa ajili ya besi."

Muuzaji alipiga simu akauliza kama tuna hakika kwamba hatutaki kombo. Nilimjibu kwamba Kituo hiki hakijawahi kutaka kombo tangu kianzishwe. Akauliza mara ya pili. Nilimjibu kwa ukali.

Mzigo ulikuja kwa Fuso. Kulikuwa na kichwa cha amplifaya peke yake, kizito kama jiwe la kusagia, na maboksi mawili ya spika ambayo kila moja lilinifika kifuani. Watu wanne walilishusha boksi moja, wakapumzika, wakashusha la pili. Lile neno la kubebeka halikumsumbua mtu, kwa sababu kila boksi lilikuwa na mishikio minne, na kamati ikaona kwamba kitu chenye mishikio minne kinabebeka mara nne zaidi ya kitu chenye mmoja. Mama Kornelia alipiga picha amesimama katikati. Kila aliyepita aliyapiga maboksi yale kofi kama ng'ombe wa mnadani na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nami nilipongezwa kwenye kikao, na pongezi hizo nilizipokea.

Margwe alikuwa likizo, anavuna mahindi kwao. Aliporudi aliuzunguka mzigo ule mara mbili. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ignasi, ndugu yangu, hii nyumba tunampangisha nani?"

Hakuna aliyekubali kurudisha kitu kilichokwisha kupigwa picha. Kwa hiyo Ngano Jazz ikatoka na maboksi yale kwenda Gitting, kwenye kijiji ambacho gari linaishia darajani na shule iko juu mlimani. Wapiga solo walikumbuka ghafla kwamba vidole vyao havitakiwi kuchoka. Wanakijiji walisaidia boksi la kwanza. Katika la pili, Margwe aliyekuwa chini ya mzigo aliteleza kwenye utelezi wa asubuhi, boksi likamwegemea, na mgongo wake ukalia kwa namna ambayo wote tuliokuwa karibu tuliisikia. Alilala wodini kifudifudi wiki tatu. Alikuwa na miaka hamsini na mitano.

Alipotoka alikuta barua ya Mkurugenzi. Barua ilieleza kwamba bendi imeshindwa kufika vijiji visivyofikika kwa gari, ambavyo vilikuwa kumi na viwili katika mpango wa mwaka. Kama isingefika vyote kumi na viwili kabla ya mwisho wa Desemba 2003, Ngano Jazz ingevunjwa, vyombo vingehifadhiwa stoo, na mafunzo yangevutiwa watu kwa redio ya CD na vipaza sauti. Barua ilikuwa fupi na haikuwa na kosa hata moja la Kiswahili. Niliihakiki mimi.

Mwenye macho aliweza kuona kinachopotea. Watu wa huku husikiliza redio nyumbani kila siku na hawaachi palizi kwenda kuisikiliza shuleni. Bila besi ile wasingekuja, wasipokuja hawafundishwi, na udongo wa vijiji vile kumi na viwili ulikuwa unashuka bondeni kila masika. Kwa Margwe hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya maisha yake. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za stoo, barua iko magotini, machozi yanamtoka mchana kweupe na hayafuti. Niliona aibu ya kunitosha mwaka mzima. Na kwa kuwa niliona aibu, nikamwambia jambo la kijinga, kwamba aombe likizo ya ugonjwa.

Hakuomba likizo. Alipanda basi hadi Katesh, kwa Hasani, mfanyabiashara wa redio na vyombo vya muziki. Hasani alikuwa mtu wa kwanza katika mkasa huu wote kuuliza swali la maana. Aliuliza chombo kinapelekwa wapi. Akaagiza kombo tatu za besi, akakubali zijaribiwe kabla ya Kituo kuamua, jambo ambalo kamati yetu haikuwahi kufikiri kwamba mnunuzi anaruhusiwa kuliomba. Kisha Margwe akaiandikia kamati kwamba tathmini itafanyika Gitting, kuanzia darajani, na kwamba wajumbe waje na viatu vya kutembelea.

Mhasibu alikuja na viatu vyenye ncha. Mwingine alikuja na barua ya daktari. Mama Kornelia alikuja na mkoba na karatasi za maelezo za kombo zote tatu, akataka tukae ndani ya gari tulinganishe wati. Margwe alimwomba radhi akasema wati tutazilinganisha juu. Sharti lake lilikuwa moja. Kila mjumbe abebe kombo moja kutoka darajani hadi shuleni, peke yake, kwa mkono mmoja, maana ule mwingine ni wa salamu. Njia ile ina wazee, na hakuna mzee wa Gitting anayekubali kuamkiwa na mtu aliyekumbatia boksi. Ukimpita bila kumpa mkono, mafunzo yako umeyamaliza hapo hapo njiani.

Kombo ya kwanza ilikuwa na spika ya inchi kumi na tano na uzito wa kilo thelathini na moja. Mama Kornelia aliichagua kwa kuwa ilikuwa na wati nyingi kuliko zote. Hatua mia moja baadaye alikutana na mzee akishuka na fimbo. Shikamoo yake ilitoka nusu, nusu nyingine ikaishia kwenye kuhema, na mkono haukutoka kabisa. Mzee alisimama akatuuliza sisi tuliokuwa nyuma, kwa upole, huyu mama ni wa ukoo gani ambao hawafundishwi. Tangu siku hiyo sijamsikia Mama Kornelia akitaja wati. Ya pili aliibeba mhasibu. Ilikuwa na vitufe vingi na taa za bluu, na mshikio wake wa plastiki ulikatika kabla ya nusu ya njia, ukambakia mkononi. Ya tatu, ya kilo kumi na nne, niliibeba mimi. Nilifika nimechoka, lakini nilikuwa nimewaamkia wazee wanne na mmoja alinibariki.

Juu, Margwe alituvusha korongo na kutukalisha kwenye shamba la maharage, huko huko wanakokaa watu anaowatafuta, si mbele ya spika wanakokaa wajumbe wa kamati. Alitaka tuinue mkono pale tutakaposikia noti, siyo kelele. Akarudi upande wa pili, akaunganisha jenereta lile dogo la safari, si umeme wa ofisini, akapiga uzi mnene wa chini kabisa. Alianza polepole, kisha akaongeza. Alisema baadaye kwamba amplifaya mbaya hujificha ikipigwa kwa nguvu, kwa sababu mtu huchanganya ukubwa wa sauti na uzuri wake. Ya taa za bluu ilitoa mtetemo wa sufuria lenye kifuniko kibovu. Jenereta lilipopungua kidogo, ikazima yenyewe pamoja na taa zake. Ya kilo kumi na nne ilifika safi, kila noti na jina lake, ingawa ilikosa kifua.

Kisha akapiga ile kubwa. Sijui namna ya kuieleza bila kuingia kwenye yale maneno mazuri ya kamati. Mama aliyekuwa akipalilia karibu yetu alinyoosha mgongo akageuka. Maharage yale yenyewe niliona kama yametulia. Ng'ambo ya pili Margwe alifumba macho, yeye ambaye kwa miaka yote alikuwa anawadharau wafumba macho, na akapiga muda mrefu kuliko tathmini ilivyohitaji. Wajumbe wote tuliinua mikono kabla hajaongeza sauti. Hata mimi, ambaye hadi siku ile nilidhani besi ni mtu anayesimama nyuma kwenye kwaya, nilijua kwamba ile ndiyo.

Akarudi akasema anachagua ya kilo kumi na nne.

Tulimdharau, na sioni sababu ya kulificha hilo. Mama Kornelia aliuliza kama alitupandisha mlima ili achague ile hafifu. Mhasibu alisema wazee wakiumwa mgongo masikio nayo huenda. Margwe alijibu sentensi moja tu: "Hii anaibeba mtu mmoja." Akatukabidhi fomu yake ya tathmini, ameijaza tayari. Mimi niliandika kwenye taarifa ya kamati kwamba mtumiaji amezingatia umri wake na hali ya afya, nikafunga faili.

Tarehe 19 Desemba 2003 Ngano Jazz ilifika kijiji cha kumi na mbili. Mahudhurio yaliandikwa na Gaudensia, karani wa masjala, ambaye alikuwa akifuatana na bendi kuandika majina ya waliokuja. Katika vijiji kumi na viwili aliandika majina elfu mbili mia tatu na kumi na saba. Bendi haikuvunjwa. Barua ile ya Mkurugenzi nayo haikufutwa. Iliacha tu kutajwa, na hapa kwetu hiyo ndiyo namna ya kuomba radhi. Maboksi yale mawili makubwa yapo stoo hadi leo, na mtu yule wa saa nane mchana amehamia juu yake.

Kuanzia Januari 2004, kila Jumatano baada ya saa za kazi, Margwe na Gaudensia walionekana ndani ya darasa namba mbili, amplifaya katikati, Gaudensia amevaa hedifoni iliyochomekwa kwenye amplifaya ile, na hakuna sauti iliyotoka. Watumishi wenzangu, ambao hawawezi kuona gari limeegeshwa bila kulitungia hadithi, walitunga. Mama Fransiska, mke wa Margwe, aliletewa habari hizo na watu watatu tofauti. Akawaambia wote watatu kwamba anazijua, maana yeye ndiye anayewapelekea chai. Ilipojulikana kwamba Gaudensia anajifunza besi, baadhi walikasirika zaidi ya walivyokasirikia ile hadithi yao. Mwanamke, wakasema, na gitaa lile zito. Nilikuwa mmoja wa waliosema. Tangu 2006 yeye ndiye anayepiga vijijini, na Margwe anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Makingamaji ya Dongobesh yamepita masika tatu bila kubomoka, na vitunguu swaumu vinasimama pale ambapo zamani palikuwa na mfereji wa matope.

Wiki iliyopita nilifungua faili la ununuzi ule ili nipate tarehe za wasifu huu. Ndani yake kulikuwa na fomu ya tathmini aliyotukabidhi siku ile Gitting. Chini kuna nafasi ya sababu za uchaguzi, ambayo wengi huiacha wazi. Margwe aliijaza: "La inchi kumi na tano lina sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Naliacha. Gaudensia aweze kulibeba hili dogo peke yake." Tarehe ni 15 Oktoba 2003.

Nilimpelekea Gaudensia masjala aisome. Aliisoma akanirudishia. Kisha akaniambia kwamba Oktoba ile alikuwa hajawahi kuligusa gitaa lile, wala hajamwambia mtu yeyote kwamba analitamani, wala mwenyewe hakuwa na hakika kama analitamani. Alikuwa akiandika majina tu, na wakati mwingine mguu wake ulikuwa ukipiga chini ya meza. Margwe alisimama jukwaani siku zote hizo, mgongo unamuuma, bendi yake inataka kuvunjwa, akauona mguu wa karani chini ya meza. Akaipata amplifaya aliyoitafuta maisha yake yote, akaiweka pembeni kwa ajili ya mguu ule. Sisi tulioitwa wajumbe wa tathmini hatukuona kitu. Chini ya maneno yake kuna muhuri wa Kituo na sahihi yangu, na kwa kalamu nyekundu nimeandika: "Imeonekana."

Bwana Margwe, kwa niaba ya Kituo, asante. Asante kwa vijiji arobaini na kimoja, kwa udongo uliobaki juu, na kwa miaka mitano ambayo hukunikumbusha neno kombo hata mara moja, ingawa ulikuwa na haki ya kunikumbusha kila asubuhi. Mimi nisingeweza. Asante pia Mama Fransiska kwa chai ya Jumatano. Kamati imekuandalia saa ya ukutani na blanketi. Nilishauri vingine nikashindwa kwa kura.

Jambo la sita katika ratiba ya leo ni Ngano Jazz. Kwa miaka ishirini na tisa umesimama nyuma ya besi hiyo au kando yake, na hujawahi hata siku moja kuisikia ukiwa umekaa mbele, kama mgeni aliyeitwa. Kiti chako ni cha katikati, mstari wa kwanza. Uwe na afya, mgongo ukupe nafasi, shamba lako lishike udongo wake, na wewe na mama mle mnachokipanda kwa miaka mingi.

Muziki ukiisha, tafadhali usinyanyuke. Wa kubeba yupo.